Kutoka Bahari ya Hindi hadi sebuleni Ujiji: njia ya intaneti na majina ya vyombo vyake

Mkazi wa Mwanga, Gungu, Kibirizi au Ujiji, mjini Kigoma, anayelipia intaneti ya nyumbani hulipia vipande vinne vya njia vilivyoungana, ingawa risiti yake huonyesha jina la mtoa huduma mmoja tu. Kipande cha kwanza kimo ndani ya nyumba, kati ya simu au kompyuta na kisanduku chenye taa kilichowekwa mezani au kufungwa ukutani. Cha pili hutoka kwenye kisanduku hicho hadi kwenye mnara au kituo cha mtoa huduma kilichopo mjini. Cha tatu huvuka nchi nzima, kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika hadi Dar es Salaam. Na cha nne kimelala chini ya Bahari ya Hindi, kikiiunganisha Dar es Salaam na mabara mengine. Kasi anayoipata mkazi huyo haiwezi kuizidi kasi ya kipande kilicho dhaifu kuliko vyote kwa wakati huo, na kwa kuwa Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, mwishoni mwa kipande cha tatu, hitilafu inayotokea popote njiani huishia kuonekana huko. Ndiyo maana istilahi za mitandao, ambazo kwa kawaida huachiwa mafundi, zina thamani ya fedha kwa kaya ya Kigoma: anayejua kazi ya kila chombo hujua analipia nini, na hujua wa kumuuliza pale mtandao unapokatika.

Maelezo yanafaa kuanzia upande wa bahari, kwa kuwa huko ndiko mabadiliko makubwa yalikoanzia. Kabla ya mwaka 2009 Tanzania na Kenya hazikuwa na kebo ya faiba ya baharini, na mawasiliano yao ya intaneti na dunia yalitegemea setilaiti zilizo umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lililotumwa kwa njia hiyo lilipanda na kushuka, na jibu lake likapanda na kushuka tena, safari ya karibu kilomita 144,000 ambayo hata kwa mwendo wa nuru angani, kilomita 300,000 kwa sekunde, huchukua karibu nusu sekunde. Kwa anayesoma barua pepe nusu sekunde si kitu, lakini katika mazungumzo huwafanya watu wakatizane maneno, na katika ukurasa wa tovuti unaohitaji maombi kadhaa yanayofuatana husababisha kungoja kwingi. Julai 2009 kebo ya SEACOM ilianza kazi ikiwa imefika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ikafuata kebo ya EASSy, yenye urefu wa kilomita zipatazo 10,000, ambayo huanzia Mtunzini nchini Afrika Kusini na kupanda pwani ya mashariki ya bara hadi Port Sudan. Katika mwaka huohuo wa 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao husimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania, TTCL, ili uwezo uliofika pwani upelekwe mikoani na hadi kwenye mipaka ya nchi jirani.

Mji wa Ujiji haukuwa mgeni wa njia ndefu za habari. Kampuni ya telegrafu iliyoasisiwa na Cecil Rhodes, ambayo ilikusudia kuufikisha waya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo, iliupitisha kaskazini kwa njia ya Nyasaland na kuufikisha Ujiji mwanzoni mwa karne ya 20, na hapo ukakomea; sehemu iliyobaki kuelekea Misri haikujengwa kamwe. Mwaka 1914 reli ya kati, yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, ilifika Kigoma. Tofauti ya mkongo na waya ule ni kubwa kwa kiasi ambacho si rahisi kukieleza kwa tarakimu, kwani telegrafu ilipitisha herufi kwa kadiri mkono wa karani ulivyoweza kugonga, ilhali uzi mmoja wa faiba hupitisha kwa pamoja mazungumzo, picha na malipo ya mkoa mzima na bado ukabaki na nafasi.

Faiba ni uzi wa kioo safi kabisa. Kiini chake, ambamo mwanga hupita, kina upana wa mikromita 9 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, na kioo kinachokizunguka huufikisha unene wote mikromita 125, ambayo ni moja ya nane ya milimita. Juu yake huja tabaka za plastiki zinazoukinga na maji na mikwaruzo. Leza iliyo upande mmoja huwaka na kuzimika mabilioni ya mara kwa sekunde, na kila kuwaka na kuzimika ni alama mojawapo kati ya mbili, sifuri au moja, ambazo ndizo lugha ya kompyuta zote. Mwanga hautoki nje ya kiini kwa sababu kioo cha pembeni kimetengenezwa kiurudishe ndani, lakini sifa hiyo hupotea pale uzi unapokunjwa sana. Mtu anayeikunja kebo ya faiba nyuma ya kabati kama anavyokunja waya wa pasi huufanya mwanga uvuje kwenye kona hiyo, na kisanduku chake huanza kupoteza mawasiliano bila ya waya kuonekana umekatika.

Katika kioo nuru hupunguza mwendo hadi kilomita 200,000 kwa sekunde hivi, kwa hiyo umbali wa kilomita 1,250 unaweza kukatwa kwa milisekunde 6 au 7 tu. Mwanga huo, hata hivyo, hufifia, na kila baada ya kilomita 80 hadi 100 hauna budi kupita kwenye kikuza mwanga ambacho huutia nguvu mpya. Hii ina maana kwamba kati ya pwani na Kigoma kuna mlolongo wa vituo vinavyohitaji umeme usiku na mchana, pamoja na betri na majenereta ya akiba, na ina maana vilevile kwamba greda linalochimba mtaro wa barabara mamia ya kilomita kutoka ziwani linaweza kuinyamazisha shule iliyoko Ujiji. Kinga inayofahamika ni kujenga njia kwa umbo la duara, ili mkato ukitokea upande mmoja data izungukie upande wa pili, na ubora wa huduma katika mji wa pembezoni hutegemea sana kama mtoa huduma amelipia njia ya pili au amejiridhisha na moja. Swali hilo huulizwa mara chache na wateja, ingawa lina uzito kuliko maswali mengi yanayoulizwa kuhusu bei.

Tukio la Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 lilionyesha udhaifu wa kipande cha nne. Kebo za EASSy na SEACOM zilikatika siku hiyo katika maji ya kusini mwa Tanzania, upande wa Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi, huku huduma zikirejea hatua kwa hatua kwa kuhamishia data kwenye njia nyingine wakati meli ya matengenezo ikisubiriwa. Katika hali kama hiyo mtumiaji wa Kigoma hushangaa kuona baadhi ya huduma zikifunguka na nyingine zikikwama, na sababu yake ni kwamba si data yote huvuka bahari. Dar es Salaam kuna kituo cha kubadilishana data, Tanzania Internet Exchange, ambako watoa huduma wa ndani hupeana data bila kuipeleka nje, na kampuni kubwa za video na mitandao ya kijamii huweka seva zenye nakala za maudhui yanayotazamwa sana karibu na watazamaji. Seva ni kompyuta inayohifadhi maudhui na kuyatoa kwa wanaoyaomba, na kadiri inavyokuwa karibu ndivyo jibu linavyowahi. Kwa seva iliyoko mwisho wa kebo ya kilomita 10,000, safari ya kwenda na kurudi haiwezi kupungua milisekunde 100, hata kama mteja amelipia kifurushi kilicho ghali kuliko vyote.

Hapa ndipo zinapojitokeza dhana mbili ambazo matangazo ya biashara huzichanganya kuwa moja. Ya kwanza ni upana wa njia, yaani kiasi cha data kinachoweza kupita kwa sekunde moja, na ya pili ni muda wa safari, yaani muda ambao ombi huchukua kufika na jibu kurudi. Upana huongezeka mteja anapopanda kifurushi. Muda wa safari hutegemea zaidi umbali, aina ya njia na msongamano uliopo. Anayepakua filamu, yaani kuitoa kwenye seva na kuileta kwenye chombo chake, huhitaji upana, ilhali anayezungumza kwa video na ndugu yake aliyeko Muscat au anayefanya mtihani mtandaoni huhitaji pia muda mfupi wa safari usiobadilika-badilika. Upana wenyewe hugawanywa katika pande mbili, wa kupakua na wa kupakia, na upande wa kupakia, ambao hutumika kupeleka picha, hati na sura ya mzungumzaji kwa wengine, mara nyingi huwa mdogo zaidi. Mteja anayefundisha kwa video akiwa nyumbani hana budi kuuliza tarakimu ya kupakia kabla ya kulipa, kwa kuwa inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye bango ni ile ya kupakua.

Tarakimu hizo nazo zina mtego wake. Kasi ya mtandao hupimwa kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, wakati ukubwa wa mafaili na wa bando hupimwa kwa megabaiti na gigabaiti, MB na GB, na baiti moja ni biti nane. Njia ya Mbps 10 hupitisha megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la GB 1 huhitaji zaidi ya dakika 13 hata kama hakuna mwingine anayetumia njia hiyo. Bando ni kiasi, kasi ni mwendo, na mtu anaweza kuwa na bando kubwa katika njia nyembamba au njia pana inayomaliza bando lake kabla ya jioni. Huduma ya faiba ya nyumbani kwa kawaida huuzwa kwa kasi na kwa mwezi, na ya simu huuzwa kwa kiasi. Kuzilinganisha kwa bei tu bila kuangalia kipimo ni kulinganisha vitu visivyolingana.

Kipande cha pili, cha mtaani, ndicho chenye tofauti nyingi kati ya nyumba na nyumba. Katika mitaa iliyofikiwa na faiba, kama ilivyo katika huduma ya TTCL iitwayo Faiba Mlangoni Kwako, uzi mmoja hutoka kituoni hadi kwenye kisanduku kilicho juu ya nguzo, na humo kigawanya mwanga, ambacho hakitumii umeme wowote, huugawa mwanga kwa nyumba 32 au 64. Katika mfumo ujulikanao kama GPON, unaotumika sana duniani, uzi huo hupeleka gigabiti 2.5 kwa sekunde kuelekea nyumbani na gigabiti 1.25 kurudi, na nyumba zote zilizo chini ya kigawanya hicho hugawana uwezo huo. Data ya kila nyumba huzifikia nyumba zote, lakini imefungwa kwa msimbo, na kisanduku cha kila mteja huchukua ile tu iliyofunguliwa kwa ufunguo wake. Msongamano wa saa mbili usiku, wakati kila nyumba inatazama video, una asili yake katika ushirika huo, au katika njia inayotoka kituoni kwenda Dar es Salaam ambayo nayo hugawanywa kwa wateja wengi kuliko uwezo wake.

Katika miji mingine duniani kipande hiki kilijengwa kwa kebo ya koaksia, ile yenye kiini cha shaba, tabaka la kuhami, wavu wa chuma unaozuia mawimbi ya nje na ganda la plastiki. Kebo hiyo iliwekwa kwanza kwa ajili ya televisheni, na kwa kuwa ina nafasi ya masafa mengi, kampuni ziligundua kwamba baadhi ya masafa hayo yanaweza kubeba intaneti. Kiwango cha kwanza cha kiufundi cha huduma hiyo, DOCSIS, kilitolewa mwaka 1997. Mfano ulio karibu ni Nairobi, ambako kampuni ya Wananchi Group, kwa chapa ya Zuku, ilijenga mtandao wa faiba hadi mtaani na koaksia hadi nyumbani, ikiuza televisheni, simu na intaneti kwa waya mmoja. Chombo kinachohitajika huko ni modemu ya kebo, inayogeuza mawimbi ya waya kuwa data ya kompyuta na data kuwa mawimbi. Nyumba nyingi za Kigoma hupata televisheni kwa dishi au antena, na waya mweupe au mweusi unaoshuka kutoka kwenye dishi ni wa ukoo uleule wa koaksia, lakini hauna uhusiano wowote na intaneti: dishi la televisheni hupokea tu, halina njia ya kupeleka ombi la mtazamaji. Mji usiokuwa na mtandao mkubwa wa koaksia hauna gharama ya kuulinda, na unaweza kuanza moja kwa moja na faiba. Katika jambo hili kuchelewa kumekuwa na faida yake.

Kaya nyingi zaidi, hata hivyo, hazitumii waya wowote katika kipande cha pili, bali hutegemea mnara wa simu kwa kupitia laini iliyowekwa ndani ya simu au ndani ya ruta ya laini. Mnara una masafa yenye kikomo, na simu zote zilizo chini yake hugawana masafa hayo, kwa hiyo kasi hushuka siku ya gulio au mchezo mkubwa wa mpira bila ya kitu chochote kuharibika. Ardhi ya mwambao huongeza ugumu. Kaskazini mwa mji, vijiji kama Mtanga, Mwamgongo na Kagunga vimekaa kwenye ufukwe mwembamba chini ya milima mikali ya bonde la ufa, na mawimbi ya simu, ambayo husafiri kwa mstari ulionyooka, hukatwa na milima hiyo. Mnara uliojengwa nyuma ya mlima hauna msaada kwa mvuvi aliye ufukweni, ilhali mnara ulio mbali lakini unaoliona ziwa unaweza kumfikia, kwa sababu juu ya maji hakuna kizuizi. Ni kwa maeneo ya namna hii ambayo hayavutii biashara ndipo Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliotokana na sheria ya mwaka 2006, hutoa ruzuku ya ujenzi wa minara. Karibu na mpaka wa Burundi huongezeka jambo jingine, kwamba simu inaweza kuunasa mnara wa nchi jirani wenye nguvu zaidi na kuanza kutumia huduma ya romingi, yaani kuhudumiwa na mtandao wa kigeni kwa bei ya kigeni. Mfanyabiashara wa dagaa anayesafiri kwa boti kati ya Kibirizi na vijiji vya mpakani hana budi kuizima romingi ya data kwenye mipangilio ya simu yake kabla ya kuondoka, kwani simu husasisha programu zake kimyakimya hata ikiwa mfukoni.

Ndani ya nyumba, kisanduku kimoja mara nyingi hufanya kazi za vyombo vinne, na ndiyo sababu majina yake huchanganywa. Kazi ya kwanza ni kugeuza: kwenye faiba chombo hugeuza mwanga kuwa umeme, na mafundi hukiita ONT, ilhali kwenye laini ya simu modemu hugeuza mawimbi ya redio kuwa data. Kazi ya pili ni ya ruta, ambayo husimama kati ya mtandao wa nyumbani na mtandao wa nje na kuamua kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha data, kiende kwenye chombo kipi. Kazi ya tatu ni ya swichi, yale matundu matatu au manne ya manjano au meusi nyuma ya kisanduku ambamo huchomekwa waya wa mtandao wenye kichwa cha plastiki angavu cha pini nane. Ya nne ni kutangaza Wi-Fi, mawimbi ya redio yanayoishia mita chache kutoka nyumbani. Wi-Fi kwa hiyo si intaneti, na alama ya Wi-Fi iliyojaa kwenye simu huthibitisha tu kwamba simu inasikilizana na kisanduku, hata kama kisanduku chenyewe kimetengwa na dunia.

Taa za kisanduku husema mengi kwa anayezisoma. Kwenye vifaa vingi vya faiba taa ya PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga kutoka kituoni umefika na kisanduku kimetambuliwa. Taa ya LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki, na hapo kosa liko kwenye uzi, kwenye kiungio au nje ya nyumba, wala kubadilisha nenosiri hakutasaidia. Kiungio chenyewe, kipande kidogo cha plastiki ambacho mara nyingi huwa cha kijani, hakifai kuchomolewa bila sababu, kwa kuwa chembe moja ya vumbi huweza kuwa kubwa kuliko kiini cha mikromita 9 na inaweza kuuziba mwanga. Chini ya kisanduku kuna karatasi iliyobandikwa yenye jina la mtandao na nenosiri la kiwandani. Anayepanga chumba katika nyumba yenye wapangaji wengi atafanya vyema kulibadilisha nenosiri hilo siku ya kwanza, pamoja na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, na kuchagua ulinzi wa WPA2 au WPA3.

Ili pakiti ifike inakotakiwa, kila chombo huhitaji anwani ya IP, ambayo ni mfululizo wa tarakimu. Zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, lililozipa nyumba namba na mitaa majina, linasaidia kuieleza: nyumba ina anwani moja inayojulikana nje, lakini vyumba vyake hutofautishwa na wenyeji wenyewe. Ruta vilevile huwa na anwani moja ya nje inayotolewa na mtoa huduma, na ndani hugawa anwani za faragha, ambazo mara nyingi huanza kwa 192.168, kwa utaratibu uitwao DHCP unaokipa anwani kila chombo kinachojiunga. Kisha, kwa utaratibu wa NAT, hukumbuka ni chombo kipi kilichoomba nini ili jibu lifike panapostahili. Anwani za toleo la nne zinakaribia bilioni 4.3 tu na hifadhi kuu ya dunia ilikwisha mwaka 2011, hivyo kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Mwenye duka la Mwanga anayetaka kuiona kamera yake akiwa safarini huathiriwa na jambo hili, kwa kuwa kamera iliyo nyuma ya anwani ya ushirika haiwezi kufikiwa moja kwa moja kutoka nje. Humlazimu anunue kamera inayowasiliana kupitia seva ya mtengenezaji, au aombe anwani yake binafsi na kuilipia. Toleo la sita la anwani lina nafasi isiyokwisha kwa matumizi ya kawaida, na huenea polepole.

Watu hawakumbuki tarakimu, hukumbuka majina, na kazi ya kubadilisha jina la tovuti kuwa anwani ya IP hufanywa na mfumo wa majina ya vikoa, DNS. Kikoa ni jina kama lile linaloishia na .tz, ambalo husajiliwa nchini. Seva ya DNS ya mtoa huduma ikishindwa, tovuti zote huonekana zimekufa ingawa njia ni nzima.

Mawimbi ya Wi-Fi hutangazwa katika masafa mawili makuu. Yale ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini yamejaa vifaa vya majirani. Ya gigahezi 5 yana kasi kubwa na nafasi nyingi, ila huchoka baada ya ukuta mmoja au miwili. Ukuta wa tofali za kuchoma huyapunguza, bati na mlango wa chuma huyarudisha, na tangi la maji huyameza. Kisanduku kilichowekwa sakafuni nyuma ya televisheni katika chumba cha kona hakiwezi kuuhudumia ua, na mara nyingi kukihamishia juu ya kabati katikati ya nyumba huleta nafuu ambayo kifurushi cha bei kubwa hakingeileta.

Umeme ni suala la pekee Kigoma, kwa kuwa kwa miaka mingi mkoa huo ulikuwa nje ya gridi ya taifa na kutegemea majenereta ya dizeli, na kaya nyingi zilizoea kuwa na sola. Visanduku vingi hutumia volti 12 za umeme wa moja kwa moja, kama inavyoandikwa kwenye adapta, na huweza kuendeshwa na betri. Lakini betri ya sola inapochajiwa hupanda kupita volti 14, na kuiunganisha na kisanduku bila kidhibiti cha volti kunaweza kukiunguza. Radi nayo ni tishio la kweli katika ukanda huu, kwani mashariki ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, ni miongoni mwa maeneo yanayopigwa radi zaidi duniani. Uzi wa kioo haupitishi umeme, ila waya wa shaba hupitisha. Waya wa mtandao uliotandazwa angani kutoka nyumba kubwa hadi chumba cha uwani unapaswa kuchomolewa ncha zote mbili mawingu yanapotanda.

Kwa mwenye maarifa haya, kutafuta kosa ni kazi ya dakika chache. Amri iitwayo ping, iliyomo katika kila kompyuta na inayopatikana kama programu kwenye simu, hutuma pakiti ndogo kwa anwani fulani na kupima muda wa jibu kurudi. Mtumiaji huanza na anwani ya ruta yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 na huandikwa kwenye karatasi ya kisanduku. Jibu likiwa chini ya milisekunde 10 bila kupotea, nyumba ni nzima. Likichelewa au likipotea, kosa ni la Wi-Fi, naye asogee karibu au achomeke waya kabla ya kumlaumu yeyote. Kisha hujaribu anwani ya nje inayojulikana, kama 8.8.8.8 ya Google. Ikijibu huku tovuti hazifunguki, tatizo ni DNS, na isipojibu huku ruta ikijibu, tatizo liko mtaani au mbele zaidi. Jaribio hilo lifanywe asubuhi na usiku, kwa sababu muda unaoongezeka mara tano saa za jioni tu huashiria njia iliyouzwa kwa watu wengi mno, na hilo halitengenezwi na fundi wa kupanda nguzo.

Malalamiko hupelekwa kwanza kwa mtoa huduma, na mteja huomba namba ya kumbukumbu, akiambatanisha tarehe, saa, hali ya taa na vipimo vya ping. Asiporidhika, shauri hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, linalosimamia maslahi ya mtumiaji. Mkataba wa huduma unapaswa kusomwa kabla ya hapo, hasa kifungu kinachotaja kasi: maneno "hadi Mbps 20" hutaja kilele tu, na mteja anayetaka kujua kasi ya chini anayohakikishiwa huiuliza kwa maandishi kabla ya kuweka sahihi.